Maji ya Darasa la Nane

Jumatatu ya kufungua shule, tarehe saba Januari mwaka wa 1985, saa moja kasorobo asubuhi, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Mtakatifu Monika, Kwa Ndululu, walikuwa wamepanga mstari mbele ya pipa la maji. Kila mmoja alikuwa na mtungi wa plastiki wa lita tano. Kiranja alisimama juu ya jiwe akiwa na kijiti chenye alama. Alikitumbukiza katika kila mtungi, na maji yasipofika kwenye alama, mwenye mtungi alirudishwa mtoni. Mto uko kilomita mbili kutoka shuleni, na kilima chote kiko upande wa kurudi.

Maji hayo hayakuwa ya kunywa. Yalikuwa ya kujenga. Mwaka huo serikali ilikuwa imeongeza Darasa la Nane, na kila shule ikaambiwa ijitafutie pa kuliweka, pamoja na karakana ya kufundishia useremala. Wazazi walitoa mawe, parokia ikatoa simiti na mabati, na watoto wakatoa maji. Mwalimu mkuu, Jonah Nzomo, alisema kwenye gwaride kwamba mtoto hana kazi nyingine kabla ya kengele, na hakuna mzazi aliyempinga. Mwenye nguvu mpishe.

Kalunde, binti Ndolo, alikuwa wa kumi na mbili kwenye mstari. Sare yake ilikuwa imelowa yote, nywele zimejaa mchanga, na mchanga mwingine ulikuwa ukimdondoka polepole kutoka kwenye mikono ya blauzi. Mtungi wake ulikuwa umejaa hadi mdomoni na umezibwa kwa gunzi la hindi. Alikuwa amekufa tarehe kumi na sita Oktoba, siku ya Jumanne, shimo la maji ya shule lilipomwangukia.

Msichana aliyekuwa nyuma yake alilalamika kwamba Kalunde ameingilia mstari. Kalunde akasema hakuingilia, amefika mapema kuliko wote, maana hakuwa ametoka mtoni. Kiranja alitumbukiza kijiti, akaona maji yamefika, akampitisha.

Mito ya huku haina maji ya kuonekana. Maji yako chini ya mchanga, na mtu huyachimba kwa bakuli na kwa mikono, akizidi kushuka kadiri kiangazi kinavyozidi. Mwaka ule wa njaa, watu walipokuwa wakila mahindi ya njano ya msaada, shimo la shule lilikuwa limefika kina cha watu wawili. Kalunde alikuwa wa Darasa la Nne, mwenye miaka kumi na mmoja, mwembamba, na alitumwa chini kwa sababu alikuwa hodari. Mchanga uliposhuka haukupiga hata kelele. Watu walichimba siku tatu. Baba yake, Ndolo, ambaye huziba pancha za malori kule Salama, alikuja akachimba pamoja nao, kisha akarudi kazini. Hawakumpata. Padre hakuweza kufanya mazishi bila mwili, na mwalimu mkuu, ambaye angelazimika kueleza ofisi ya elimu kama angeandika vingine, alichukua kalamu nyekundu akaandika kwenye rejista kwamba mtoto amehama.

Ndiyo maana saa mbili na nusu, Madam Wamucii, mwalimu mpya kutoka Kirinyaga, alipokuwa akiita majina ya Darasa la Tano, alifika kwenye mstari mwekundu akasita.

"Kalunde Ndolo."

"Niko, Madam."

"Lakini wewe ulihama."

"Sikuhama, Madam."

"Rejista inasema ulihama. Na ukihama, unarudi na barua ya ile shule ulikuwa. Iko wapi barua?"

Kalunde hakuwa na barua. Madam Wamucii alitazama sakafu chini ya dawati la mtoto, ambako mchanga ulikuwa umefanya kichuguu kidogo. Alikuwa mwalimu mwenye huruma, tena mgeni, na hakutaka kuanza kazi kwa kuvunja sheria za watu. Alimwambia Kalunde azoe mchanga wake, kisha aende nyumbani akamlete mzazi.

*

Kavata, mama yake Kalunde, alikuwa mlangoni akimsuka binti yake wa pili, Ndinda, wa miaka saba. Ndinda alipaswa kuanza Darasa la Kwanza asubuhi hiyo. Sare yake mpya ilikuwa imetundikwa ukutani tangu Krismasi, lakini Kavata alikuwa bado anasuka, akimaliza anafumua, anasuka tena. Alikuwa amejiapia kwamba Ndinda hatakanyaga shule ile mpaka asikie kwa masikio yake kwamba watoto hawatumwi tena shimoni. Shule nyingine iliyokuwa karibu ilikuwa karibu kwa ndege tu. Tangu Oktoba majirani walikuwa wameacha kumwita Mama Kalunde. Walimwita Mama Ndinda, kwa wema, na kila walipomwita hivyo alitamani kuwarushia jiwe.

Kalunde alipopinda kona ya boma, Kavata aliacha kusuka.

"Umekaa sana," alisema.

"Ii, mwaitu," Kalunde akajibu, maana huku mama huitwa mwaitu. "Wanataka mzazi."

Kavata aliingia ndani akatoka na beseni la maji na kipande cha sabuni. Alimkalisha Kalunde kwenye kigoda akamwosha nywele. Beseni la kwanza lilijaa mchanga, na la pili, na la tatu. Hapo akaacha, kwa sababu maji yalikuwa yakipungua na mchanga haukuwa unapungua. Alimpa ugali wa njano uliobaki. Kalunde aliushika kidogo, akausikia ulivyo vuguvugu, akampa Ndinda, na Ndinda akaula wote bila kuuliza. Kavata aliwatazama binti zake wawili wamekaa kwenye kigoda kimoja, na moyo ukamuuma sana, zaidi ya ulivyomuuma Oktoba, kwa sababu Oktoba kulikuwa na watu na kelele.

Alimvalisha Ndinda ile sare, wakaenda wote watatu.

*

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na meza moja, viti viwili, na picha ya Bikira Maria karibu na ratiba. Jonah Nzomo hakuwa mtu mbaya. Wakati wa njaa aligawa mahindi ya shule bila kuiba hata kikombe, na hilo si jambo dogo. Ila alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza, na wakati huo alikuwa ameanza kujenga.

"Mama Kalunde, keti."

"Nitasimama."

"Sawa. Mtoto amerudi."

"Nimemwona."

"Sasa shida ni moja tu. Hana barua."

"Kwani alihamia wapi?"

"Hata mimi hapo ndipo najiuliza," alisema Nzomo.

Kavata aliweka kidole kwenye rejista, mahali penye wekundu. Hakujua kusoma, lakini wekundu aliuona. "Mimi sijahamisha mtoto. Ni wewe uliandika hivyo. Sasa futa. Andika vile ilikuwa. Andika alikufa kwa shimo ya shule, akichota maji ya shule, akitumwa na shule."

Nzomo alivua miwani akaifuta. "Nikiandika hivyo, ofisi ya elimu itakuja kuuliza. Wakiuliza, watasimamisha ujenzi. Na hawa wa Darasa la Nane watasomea wapi? Juu ya mti? Halafu angalia, Mama. Nitaandikaje mtoto amekufa, na amesimama hapo ananimwagia mchanga kwa ofisi?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Madam Wamucii, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwa sauti ndogo kwamba labda mtu anaweza kuandika yote mawili. Mwalimu mkuu akamwambia kwamba nafasi kwenye rejista ni ya neno moja.

Padre aliitwa. Alikuwa amemaliza Misa ya kufungua muhula na bado alikuwa akikunja stola yake ya shingoni. Alikuwa mzee wa Ayalandi aliyekaa Ukambani miaka ishirini na mitatu, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Alimwekea Kalunde kidole gumba kwenye paji la uso, akakitazama kidole, akapangusa mchanga kwenye kanzu. Kisha akasema ubatizo haufutiki. Akasema pia kwamba Kanisa haliruhusu mtu kuzikwa mara mbili, lakini kwa kuwa huyu hakuzikwa hata mara moja, jambo hilo halina haja ya kujadiliwa. Kwa maoni yake mtoto ni mtoto, na mahali pa mtoto ni darasani. Baada ya hapo akauliza kama maji ya msingi yametosha.

"Hayajatosha, Padre," alisema Nzomo.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" Madam Wamucii alimuuliza Kalunde. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza.

"Mimi nataka tu Darasa la Tano," alisema Kalunde. "Nilikuwa nimeshika namba nne."

Mwalimu mkuu alifikiri, kisha akaona njia. Yeye mwenyewe angeandika barua. Ingesema kwamba Kalunde Ndolo alihama mwezi wa Oktoba na amerudi mwezi wa Januari akiwa na afya njema, na mzazi angetia kidole. Hivyo mtoto angesoma na rejista isingekuwa na kosa.

Kavata alielewa vizuri barua hiyo ilikuwa inafanya nini. Wajinga ndio waliwao, husema watu, lakini Kavata hakuwa mjinga, alikuwa hana pa kushika. Kulikuwa na binti mmoja aliyetaka dawati, na mwingine, kavaa sare mpya, amemshika mama yake sketi na kutazama picha ya Bikira Maria.

"Nitatia," alisema. "Lakini kwanza useme mbele ya Padre. Hakuna mtoto ataingia tena kwa ile shimo. Hata mmoja. Hata huyu wangu mdogo, hata wa mtu mwingine."

"Na maji?" aliuliza Nzomo. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kwa sababu pipa alikuwa anaweza kuliona dirishani.

Mchanga ulikuwa ukidondoka sakafuni.

"Nitachota mimi," alisema Kalunde. "Mimi mchanga haiwezi kunifanya kitu tena. Nitajaza mitungi ya shule yote, halafu nikimaliza niingie darasa."

Mwalimu mkuu alifurahi. Alisema huo ndio moyo wa Mtakatifu Monika, na akaahidi mbele ya Padre kama alivyoombwa. Barua iliandikwa, Madam Wamucii akaisoma kwa sauti ili Kavata asikie. Alipofika kwenye afya njema sauti yake ilipungua kidogo. Kavata alichovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika. Kisha akampeleka Ndinda Darasa la Kwanza, akamwonyesha pa kukaa, kando ya mtoto mmoja aliyeitwa Kalondu, binti wa jirani yao Muthama, na akarudi nyumbani peke yake.

*

Kalunde hakumaliza mitungi. Shule ilikuwa na watoto mia nne na kumi, na ukizidisha mara lita tano utajua kwa nini. Watoto walipanga mstari mchangani asubuhi, wakateremsha mitungi mitupu kwa kamba na kupandisha iliyojaa, na yeye alikuwa chini akichota kwa bakuli. Wakiisha wa asubuhi, walikuja wa saa nne, kwa sababu fundi alikuwa amegundua kwamba sasa maji yanapatikana. Wakiisha hao, walikuja wa jioni. Baadaye ilionekana ni afadhali asitoke kabisa, ili achunge shimo dhidi ya punda na nyani.

Kila asubuhi Madam Wamucii aliita jina lake, na darasa likajibu kwa pamoja, "Yuko mtoni, Madam." Alimwekea alama ya kuhudhuria. Aliandikia ofisi ya elimu barua ndefu kuhusu jambo hilo, na kwa kuwa barua zote za walimu hupitia kwa mwalimu mkuu, ilipitia kwa mwalimu mkuu.

Mara mbili mwezi wa Februari mchanga ulimfunika Kalunde. Mara zote mbili alitoka kesho yake asubuhi akitema mchanga, akaanza kuchimba upya. Jambo hilo liliwatuliza watu. Wazazi waliokuwa wakiogopa shimo walisema kumbe mchanga wenyewe hauna ubaya, Kalunde amefunikwa mara ngapi na hajambo. Shule jirani iliandika ikiomba kumwazima kwa wiki mbili. Nzomo alijibu kwa adabu kwamba haiwezekani mpaka karakana iishe.

Kufikia Machi kuta za Darasa la Nane zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha, na shimo lilikuwa limefika kina cha watu wanne. Kamba zilikuwa zinakatika. Nzomo aliagiza ngazi ichongwe kwenye ukuta wa mchanga, izuiwe kwa matawi, na mtu mmoja akae ngazi ya katikati apokee mtungi kutoka chini na kuupitisha juu. Kwanza walimjaribu mvulana wa Darasa la Saba, lakini alikuwa mzito na ukingo ukamomonyoka. Ikaonekana anayefaa ni mtoto wa Darasa la Kwanza.

Kavata alisikia habari hiyo kwa Ndinda mwenyewe, ambaye alikuja nyumbani akisema kwa furaha kwamba amechaguliwa. Hakungoja ugali uive.

"Uliahidi mbele ya Padre," alimwambia mwalimu mkuu.

"Niliahidi hakuna mtoto ataingia kwa shimo," alisema Nzomo, "na hakuna ameingia. Ngazi si shimo, Mama. Anakaa pale katikati tu, anapitisha."

"Basi nitakaa mimi."

Nzomo alimpima kwa macho. Njaa ya mwaka uliopita ilikuwa imemwacha Kavata mwepesi, karibu kama mtoto. Alikubali. Kwenye mkutano wa wazazi alimsifu kwa jina, akasema hii ndiyo maana ya Harambee, na watu wakapiga makofi.

Kwa hiyo, kila siku ya shule, Kavata alishuka hadi ngazi ya katikati. Kalunde alimpa mtungi uliojaa, na yeye akampa mtupu. Vidole vyao viligusana kila mara mtungi ulipopita, na vya Kalunde vilikuwa baridi sana. Mchana, watoto wakiwa kwenye uji, walizungumza.

"Mwaitu, Darasa la Tano wamefika wapi?"

Kavata hakujua. Siku iliyofuata alipitia dirishani kwa Madam Wamucii akauliza, na mwalimu akamweleza polepole, akachora chini kwa kijiti. Kavata alirudia maneno njia nzima, kilomita mbili, midomo ikicheza, watu wakidhani anasali.

"Amesema robo na robo ni nusu," alimwambia Kalunde.

"Na nusu na robo?"

"Hiyo hakuniambia. Ngoja kesho."

Hivyo alianza kuteremsha masomo pamoja na mitungi. Aliteremsha sehemu, na majina ya maziwa ya Kenya, na shairi kuhusu usafi. Kalunde aliyashika yote. Ubaridi ulitoka chini ukampiga Kavata miguuni kutwa nzima, magoti yakaanza kumuuma, na bado wanasema wale waliokuwa wakichota siku hizo kwamba hawakuwahi kumwona akiwa na raha kama ile. Ni aibu kusema hivyo, lakini ni kweli.

*

Jumatano moja mwishoni mwa Machi, mtungi wa mwisho ulipokuwa umepanda, Kalunde alimshika mama yake kifundo cha mguu.

"Mwaitu, kesho usikuje."

"Kwa nini?"

"Mchanga imechoka. Kesho asubuhi huu upande wa juu unaanguka. Mimi naisikia."

Kavata alikwenda moja kwa moja ofisini. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho na hakumshuku hata kidogo. Alisema Kalunde ni mtoto asiyedanganya. Kisha akageuka akatazama ratiba ukutani, na uso wake ukaingia wasiwasi wa kweli. Kesho Alhamisi sakafu ya Darasa la Nane ilikuwa inamwagwa. Fundi alikuwa ametoka Kitui mjini na vijana wake, na simiti ilikuwa imeshafunguliwa.

"Basi pumzika kesho, Mama," alisema. "Umefanya kazi nzuri. Nitaweka mtu."

"Utaweka nani?"

"Kama si Ndinda, nitaweka Kalondu wa Muthama. Ni mwepesi."

"Mwalimu, umesikia kitu nimekuambia?"

"Nimesikia. Ndiyo maana nakuambia upumzike."

Kavata akasema, "Huyo mtoto atakufa."

Nzomo alivuta droo, akatoa ile barua, akaiweka mezani taratibu. Hakuwa na hasira. "Mama, hakuna mtoto amewahi kufa kwa hiyo shimo," alisema. "Iko kwa maandishi. Hata kidole ni chako."

Saa kumi na moja jioni Kavata alikuwa ukingoni mwa shimo, na jembe mkononi. Mchanga wa kulifukia ulikuwa hapo hapo, rundo zima, kazi ya saa moja. Aliinua jembe. Chini kabisa Kalunde alikuwa akisuuza mitungi iliyosahauliwa, akiipanga kwa ukubwa.

"Funika tu, mwaitu," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi si nimezoea."

Kavata alisimama na jembe juu mpaka mtungi wa mwisho ukapangwa. Kumzika mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe, anamwona, hakuweza. Hakuna aliyemwomba aweze, na mimi simlaumu. Aliteremsha jembe akaenda nyumbani kwa Muthama. Mke wa Muthama alikuwa ameshaosha mtungi wa Kalondu na kuutundika kwenye kichaka ukauke. Alimsikiliza Kavata, akasikitika naye, akamkaribisha chai. Alisema mambo ya shule mwalimu ndiye anayejua, na kwamba Kalondu amefurahi sana kuchaguliwa, tangu atoke shule anaimba.

Alhamisi Kavata alifika mtoni kabla ya kengele ya kwanza. Kalondu alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa ukingoni na mtungi mapajani, miguu yake inaning'inia shimoni. Kavata alimwambia aende darasani, zamu yake imebadilishwa. Mtoto akanuna, akasema yeye ndiye aliyechaguliwa. Ilibidi Kavata amnyanyue kwa mkono na kumgeuza uso kuelekea kilimani, na akangoja mpaka sare ya bluu ilipopotea kwenye vichaka.

Kisha akavua ndara, akakaza leso kiunoni, akashuka.

Kalunde alimtazama kutoka chini. "Si nilikuambia usikuje."

"Lete mtungi," alisema Kavata.

Upande wa juu ulianguka saa mbili kasoro dakika kumi, na haukupiga kelele. Wakati huo Darasa la Kwanza walikuwa wakiimba irabu, Ndinda na Kalondu kwenye dawati moja, Kalondu bado amenuna. Watoto waliokuwa ukingoni walikuja mbio kumwambia mwalimu mkuu. Alivua kofia, akasimama kidogo, akaagiza Darasa la Sita wachimbe shimo jingine juu kidogo ya lile, na rejista hazikuguswa, kwa kuwa mzazi haandikwi kwenye rejista. Sakafu ilimwagwa yote siku hiyo kufikia saa nane mchana. Fundi alikuwa amesema simiti ikishachanganywa haingoji mtu.